Baiskeli ya Milimani katika Kisiwa Kisicho na Mlima

Mtu aweza kuzunguka kisiwa chote cha Unguja, toka Nungwi upande wa kaskazini hata Kizimkazi upande wa kusini, asione mlima hata mmoja. Urefu wa kisiwa ni yapata kilometa 85, na upana wake haufiki kilometa 40. Kilima kilicho kirefu kupita vyote hakifiki mita 150 juu ya bahari. Hata hivyo, asubuhi ya siku ya mapumziko, katika barabara zitokazo mjini, huonekana watu wamepanda baiskeli za milimani, zenye matairi manene yenye meno. Watu hao hawachukui samaki, wala kuni, wala nazi. Hawalipwi ujira. Siku nyingine wana kazi zao: huyu ni karani, huyu ni mwalimu, huyu ni seremala, na huyu ni mwanafunzi. Wao hupanda baiskeli kwa ridhaa yao, kwa kupenda tu.

Mgeni akiwaona huuliza, "Baiskeli ya milimani yafaa nini mahali pasipo mlima?" Swali hili si baya, na jibu lake ni hili: chombo hiki kilifanywa kwa ajili ya njia mbaya, popote zilipo. Mawe makali, mchanga mwingi, matope yatelezayo, mizizi na miteremko, vyote hivyo viko Unguja. Naye apitaye katika njia hizo hana budi kujua mambo matatu: chombo chake, nchi anayopita, na haki ya watu anaokutana nao njiani. Asiyejua hayo, nguvu za miguu yake hazitamfaa kitu.

ASILI YA BAISKELI HII

Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, ilitengenezwa na Mjerumani mmoja, jina lake Karl von Drais, katika mji wa Mannheim mwaka 1817. Ilikuwa ya mti, nayo haikuwa na pedeli. Mpandaji aliisukuma kwa kukanyaga chini kwa miguu yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry katika Uingereza, alitengeneza baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli za leo zimefuata mfano huo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza matairi ya mpira yaliyojazwa upepo, kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Tangu hapo mifupa ya wapandaji ilipata raha.

Baiskeli ya milimani ilikuja nyuma sana. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, katika jimbo la California, Marekani, walitwaa baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, wakateremka nazo kwa kasi katika njia za udongo za mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Baiskeli zile zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilishika mtu alipokanyaga pedeli kinyumenyume. Katika mteremko mmoja mrefu breki ilipata moto sana, hata grisi iliyokuwa ndani ikaungua ikawa moshi. Mpandaji akifika chini alikuwa hana budi kuifungua na kuijaza grisi tena. Kwa sababu hiyo mteremko ule uliitwa Repack, maana yake, kujaza tena. Mwaka 1976 walianza kushindana hapo. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, alianza kuunda baiskeli mpya zilizokusudiwa kazi hiyo. Mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Atlanta.

Yafaa kukumbuka habari ya grisi ile. Vijana wale hawakukosa njia ya kwenda mbio, maana mteremko wenyewe uliwapa mbio bila gharama. Walichokosa ni njia ya kusimama.

CHOMBO CHENYEWE

Baiskeli ya milimani yatambulikana kwa mambo matatu: matairi, gia, na breki.

Matairi yake ni mapana, yana meno ya kuuma udongo. Tairi jembamba lililojaa upepo mwingi huzama katika mchanga kama kisu katika muhogo uliopikwa. Tairi pana lililopunguzwa upepo kidogo hutandaza uzito wa mtu mahali pakubwa, likapita juu. Lakini upepo ukipungua mno, tairi hubanwa kati ya jiwe na chuma cha gurudumu, na mpira wa ndani hutoboka. Basi mpandaji hupima upepo wake kwa kufuata njia anayoiendea.

Gia ni vyuma vya duara vyenye meno, ambavyo mnyororo hupita juu yake. Ikiwa duara la mbele lina meno 32, na la nyuma lina meno 16, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara mbili. Hayo ndiyo mafaa ya gia nzito katika barabara iliyo sawa. Ikiwa duara la nyuma nalo lina meno 32, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara moja tu. Mwendo ni mdogo, lakini mguu huona wepesi, na mtu aweza kupanda kilima bila kushuka. Gia haiongezi nguvu za mtu hata kidogo, humfundisha kuzigawa.

Breki ni mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Katika baiskeli nyingi waya hutoka kwenye usukani, nao huvuta raba mbili zikabana gurudumu. Mtu akibana breki ya mbele peke yake kwa nguvu katika mteremko, aweza kurushwa juu ya usukani. Akibana ya nyuma peke yake, gurudumu hukwama na kuteleza. Kwa hiyo hubana zote mbili pamoja, kidogo kidogo, mapema. Tena kuna kanuni ambayo kila mpandaji yampasa kuijua: mwendo ukizidi mara mbili, nafasi itakiwayo ili breki zisimamishe chombo huzidi mara nne. Anayehitaji mita 3 ili asimame katika mwendo wa pole, atahitaji mita 12 akienda kasi mara mbili. Mita 12 ni nyingi, kama mtoto yuko umbali wa mita 8.

ADABU YA MJINI

Safari nyingi huanza katika Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika hesabu ya mahali pa Urithi wa Dunia. Vichochoro vyake vingi ni vyembamba, motokaa haipiti. Vimepinda huku na huku kati ya nyumba ndefu za mawe, na mtu hawezi kuona nani yuko nyuma ya pembe. Mlangoni pana baraza, na barazani watu wameketi wakizungumza, miguu yao iko njiani. Kuna hamali na mkokoteni wake, kuna mwenye kuuza kahawa, kuna watoto waendao chuoni.

Mpandaji mwenye adabu hupiga kengele kabla ya kufika pembeni. Penye watu wengi, kama karibu na soko la Darajani, hushuka akaikokota baiskeli yake kwa mkono. Hupoteza dakika mbili, wala hapotezi heshima yake. Akifika barabara kuu hushika upande wa kushoto, kama ilivyo sheria ya nchi, na kichwani huvaa kofia ngumu.

Siku za kazi hana nafasi ya kwenda mbali. Jioni, jua likipoa, hufuata barabara ya pwani kwenda Bububu. Hupita magofu ya Maruhubi, jumba la Sayyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Hupita Mtoni, alipokaa Sayyid Said, na alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kutoka Bububu njia hugeuka kuingia shamba na kupanda vilima vya Kidichi, penye hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Hapo, kati ya minazi na mikarafuu, ndipo mtu wa Unguja apatapo kilima cha kupimia miguu yake.

MFANO WA NDUGU WAWILI

Hadithi ifuatayo ni ya mfano, imetungwa ili kuonyesha maneno yaliyotangulia.

Ndugu wawili walikaa Malindi, na wote wawili walipenda baiskeli. Yule mkubwa alikuwa na nguvu na haraka. Yule mdogo alikuwa na desturi ya kuitazama baiskeli kabla ya kuipanda: hubonyeza matairi, hutikisa usukani, huvuta breki, hutazama mnyororo. Kazi hiyo haikuzidi dakika tatu.

Siku moja jioni, walipokuwa wakitaka kuondoka, mdogo akasema, "Kaka, waya wa breki yako ya nyuma umeanza kukatika. Nyuzi mbili zimetoka nje."

Kaka yake akajibu, "Nimeuona tangu juzi. Utashika mpaka mwisho wa juma. Twende, jua linakuchwa."

Mdogo hakutaka kumbishia mkubwa wake, akanyamaza. Wakaenda mpaka Bububu, wakapanda vilima vya Kidichi. Kaka alifika juu kwanza, akacheka, akamngoja mwenziwe. Kisha wakaanza kuteremka. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha mchana, na udongo mwekundu ulikuwa utelezi. Mdogo alikuja nyuma pole pole, vidole vyake juu ya breki. Kaka aliachia, upepo ukamvuma masikioni.

Penye kona ya chini mtoto mdogo wa kike alikuwa akivuka njia, akimvuta mbuzi kwa kamba. Kaka akabana breki zote mbili. Waya ule wa nyuma ukakatika mara moja. Akaona kwamba akibana ya mbele zaidi ataruka juu ya usukani, na asipobana atampiga mtoto. Akageuza usukani, akaingia katika shamba la muhogo, akapiga tuta, akaanguka. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika. Mbuzi alikimbia, mtoto alisimama pale pale, hajaguswa, hata kulia hakuweza.

Bibi yake mtoto akatoka nyumbani mbio. Alipoona kwamba mjukuu wake ni mzima, alileta maji, akamwosha kijana damu ya usoni, akamfungia mkono kwa kipande cha kanga.

Kijana akasema, "Bibi, nisamehe. Nilijua kuwa waya ni mbovu."

Bibi akajibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila jua neno moja. Waya ni wako, na haraka ni yako. Lakini deni lake lilitaka kulipwa na mtoto huyu, naye hakukopa kitu."

Kijana hakuwa na jibu. Alikaa majuma sita na mkono wake umefungwa kwa plasta, na maneno yale aliyakumbuka zaidi kuliko maumivu.

NCHI MBILI KATIKA KISIWA KIMOJA

Mkono ulipopona, ndugu wale walikusudia kwenda Paje, kijiji cha pwani ya mashariki, yapata kilometa 50 kutoka mjini. Wasafiri wa huko hawana budi kuijua nchi, maana Unguja ni kama nchi mbili.

Upande wa magharibi udongo ni wa kina, na pengine ni mwekundu, nao huitwa kinongo. Mikarafuu, migomba na minazi hustawi. Kuna vijito na mto, kama ule wa Mwera. Adui wa mpandaji huku ni matope ya masika, yaani kuanzia mwezi wa Machi hata Mei.

Upande wa mashariki na kusini ni maweni. Zamani sana nchi hiyo ilikuwa matumbawe chini ya bahari. Kisha iliinuka juu ya maji, na matumbawe yakawa mwamba. Mwamba huo umejaa matundu na ncha kali, na udongo uliopo ni haba, umejificha katika nyufa. Mvua ikinyesha, maji hayatengenezi mito. Huzama chini yakaenda katika mapango. Kwa hiyo msafiri aweza kwenda mwendo mrefu asione maji ya kunywa, na jua la huko halina huruma. Mwenye akili huchukua maji ya kutosha, hunywa kidogo kidogo kabla ya kuona kiu, tena huanza safari alfajiri.

Ndugu wale waliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila mmoja na chupa mbili za maji. Safari hii kaka ndiye aliyeinama kuzitazama baiskeli zote mbili, moja baada ya moja, na mdogo wake alimngoja. Wakapita Mwanakwerekwe na Tunguu, hata wakafika msitu wa Jozani. Msitu huo, pamoja na ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo hukaa kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Kima hao huvuka barabara, na wengi waliuawa na motokaa, hata matuta yakawekwa ili kupunguza mwendo. Ndugu wale wakapita pole pole. Hawakuacha barabara kuingia msituni, maana gurudumu hukanyaga miche michanga, na njia moja ya baiskeli huwa mfereji mvua ijapo.

Walipopita Kitogani walifuata njia ya miguu katika maweni. Hapo baiskeli ya mdogo ikatoa sauti kama ya nyoka, na tairi la nyuma likalala. Hakuna fundi karibu. Lakini mfukoni walikuwa na vifaa: spana, vipande viwili vya chuma vya kutolea tairi, msasa, solusheni, viraka na pampu. Wakalitoa gurudumu, wakauvuta mpira wa ndani, wakaujaza upepo. Nyumbani fundi huuzamisha mpira katika beseni la maji, akatafuta mahali panapotoka mapovu. Hapa maji yalikuwa ya kunywa tu, basi kaka aliupitisha mpira karibu na shavu lake mpaka akausikia upepo. Wakapakwaruza kwa msasa, wakapaka solusheni, wakangoja ikauke kidogo, ndipo wakabandika kiraka. Kisha mdogo akapitisha vidole vyake ndani ya tairi kwa hadhari, akaukuta mwiba ungalipo. Angalirudisha mpira bila kuutafuta mwiba, angalitoboka tena kabla ya kwenda mita mia.

BAHARI HAINA BREKI

Walifika Paje saa nne na nusu. Siku ile mwezi ulikuwa mwandamo, na wakati huo huwa bamvua. Maji ya bamvua hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu, yajayo mwezi ukiwa nusu, hujaa kidogo na kupwa kidogo. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, na huanza kujaa baadaye. Kila siku hukawia yapata dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Kutoka kupwa hata kujaa ni kama saa sita.

Bahari ilikuwa imeondoka mbali, hata mwamba ulio nje ulionekana kama mstari mweupe. Mchanga uliobaki ulikuwa mgumu, mweupe, umelala kama sakafu. Hakuna barabara katika kisiwa chote iliyo nzuri kwa tairi pana kuliko hiyo, na watu wa Paje na Jambiani huipita kila siku kwa baiskeli zao. Mdogo, aliyezoea kuwa na hadhari, sasa alishikwa na furaha. Akasema, "Kaka, twende mpaka kwenye mwamba, tuone mawimbi yanavyovunjika!"

Kaka yake akasema, "Ngoja kwanza." Alimwona mzee mmoja akitengeneza wavu chini ya mnazi, akamwendea akamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka mjini na magurudumu hayo?"

"Naam, babu. Twataka kujua, maji yatarudi saa ngapi?"

Mzee akatazama bahari, akasema, "Yamekwisha kugeuka. Fuateni pwani mwende Jambiani, hamna neno. Lakini msiende nje. Mgeni hudhani maji yatakuja mbele yake, atayaona. Hapa maji hupita kwanza katika mikondo, yakaja nyuma ya mtu, naye yungali akitazama mbele. Baiskeli yenu ina breki, bahari haina."

Wakamshukuru, wakafuata pwani. Walipita mashamba ya mwani, ambayo wanawake wa vijiji hivyo huyalima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani hufungwa katika kamba, na kamba hufungwa katika vigingi vilivyosimikwa mchangani. Ndugu wale walizunguka mbali, wasikate kamba ya mtu, maana kamba ile ni chakula cha nyumba. Wakafika Jambiani, wakanywa madafu, wakapumzika kivulini. Saa nane mdogo akatazama mahali alipotaka kwenda asubuhi. Palikuwa maji matupu, ya rangi ya samawati, na ngalawa zilipita juu yake kwa tanga. Akamtazama kaka yake, wala hakusema neno.

Jioni miguu yao ilikuwa imechoka, na kiza kilikuwa kikikaribia. Hawakuona haya kusimamisha daladala, wakafunga baiskeli zao juu, wakarudi mjini. Mtu ajuaye mwisho wa nguvu zake hajashindwa.

KAZI YA MWISHO

Kufika nyumbani si mwisho wa safari. Baiskeli iliyopita pwani imebeba chumvi. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na chumvi huifanya kutu ije upesi. Mnyororo ulioachwa usiku mmoja na maji ya bahari, asubuhi huonekana mwekundu. Basi ndugu wale, ingawa wamechoka, waliziosha baiskeli zao kwa maji matamu, wakazikausha kwa kitambaa, wakatia mnyororo mafuta kidogo, na kufuta yaliyozidi ili yasishike mchanga. Mara moja kwa miezi michache huzipeleka kwa fundi, akafungua vitovu vya magurudumu, akasafisha gololi na kutia grisi mpya. Waya wa breki hauzidi bei ya chakula cha siku moja. Mkono uliovunjika una bei kubwa kuliko huo, na mtoto wa Kidichi hana bei.

Basi hiyo ndiyo kazi ya baiskeli ya milimani katika kisiwa kisicho na mlima. Humtoa mtu katika vichochoro vya mji, ikamwonyesha udongo mwekundu wa mikarafuu na mwamba wa matumbawe, kima wa msituni na mama alimaye mwani. Humfundisha kuuliza wenyeji, kwa kuwa wao wameijua njia kabla yake. Zaidi ya yote humfundisha kwamba njia si yake peke yake. Wahenga walinena, "Mwenda pole hajikwai." Apandaye baiskeli na aliongeze neno hilo hivi: wala hamkwazi mwenziwe.

MASWALI

1. Kwa nini baiskeli ya milimani yafaa Unguja, ingawa hakuna mlima?
2. Mteremko wa Repack uliitwaje hivyo, na jambo hilo lafundisha nini?
3. Duara la mbele lina meno 36, na la nyuma lina meno 12. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu litazunguka mara ngapi?
4. Mpandaji ahitaji mita 4 ili asimame. Akienda kasi mara mbili, atahitaji mita ngapi?
5. Eleza maana ya maneno ya bibi: "Deni lake lilitaka kulipwa na mtoto huyu, naye hakukopa kitu."
6. Kwa nini maji ya kunywa ni haba katika nchi ya maweni?
7. Bamvua na maji mafu vyatofautianaje? Muulize mvuvi au mzee wa kwenu habari za maji ya pwani, uandike aliyokuambia.
8. Tazama baiskeli moja iliyo karibu nawe. Andika mambo matano unayopaswa kuyakagua kabla ya kuipanda.